Uzi maalumu: Video za maana mtandaoni (habari, teknolojia, fikra, utamaduni) na jinsi ya kuzitazama bila kuua bando

#1 Kibatari

Wakuu, kwema?

Kila baada ya muda mtu anafungua uzi akiomba "chaneli nzuri YouTube", wadau wanamwaga majina matupu, uzi unakufa. Huu tuuendeshe tofauti. Ukitaja video, sema inafundisha nini hasa, mtu aanzie wapi, na wapi inachosha au inapotosha. Jina tupu usilete. Naanza.

HABARI. BBC Africa Eye (kitengo cha uchunguzi cha BBC), *Anatomy of a Killing*, Septemba 2018. Haifiki dakika kumi na tano. Julai 2018 ilisambaa video ya wanajeshi wakiwapeleka wanawake wawili na watoto wao wawili nje ya kijiji na kuwaua. Serikali ya Kameruni ikasema ni uzushi. Africa Eye hawakubishana na mtu: walichukua mstari wa milima unaoonekana nyuma, wakaulinganisha na picha za setilaiti hadi wakafika karibu na Zelevet, kaskazini ya mbali ya Kameruni, jirani na mpaka wa Nigeria. Halafu wakatafuta muda. Majengo yanayoonekana yaliwapa kipindi cha mwaka na kitu, vijia vya wakati wa kiangazi vikapunguza miezi, na vivuli vya askari wakitembea vikabana hadi kati ya 20 Machi na 5 Aprili 2015. Septemba 2020 mahakama ya kijeshi iliwafunga wanajeshi wanne miaka 10 kila mmoja. Tahadhari: ni nzito, usiitazame na watoto pembeni.

TEKNOLOJIA. 3Blue1Brown (chaneli ya hesabu kwa michoro), mfululizo wa mitandao ya neva ulioanza 2017. Kila mtu sasa anasema "AI, AI". Ukitoka hapa utajua ndani kuna nini. Mfano wake ni mtandao unaosoma tarakimu zilizoandikwa kwa mkono: picha ya 28 kwa 28, yaani pikseli 784 zinaingia, tabaka mbili za kati zenye nukta 16 kila moja, na matokeo 10. Chukua kalamu upige mwenyewe: 784×16, jumlisha 16×16, jumlisha 16×10, kisha ongeza 42 (16+16+10), nyongeza moja kwa kila nukta. Inakuja 13,002. Hizo ndizo namba zinazorekebishwa wakati mashine "inajifunza". Video ya tatu na ya nne zinataka mtu mwenye hesabu za kidato cha tano kwenda juu. Kama huna, ishia ya pili, hutakuwa umepoteza kitu.

FIKRA. Hans Rosling, TED 2006, dakika ishirini. Viputo vya nchi vinatembea toka 1962, mhimili mmoja uzazi, mwingine umri wa kuishi. Takwimu zake zimezeeka, hoja yake, kwamba picha tuliyonayo ya nchi tajiri na maskini imepitwa na wakati, bado.

UTAMADUNI. *The Africans: A Triple Heritage* ya Profesa Ali Mazrui wa Mombasa, 1986, sehemu 9. Hii nitairudia chini, ina mambo.

Karibuni.

#2 Nuktambili

Mkuu Kibatari umeanza na nondo. Kabla watu hawajakimbilia kubonyeza, tupige hesabu ya bando, maana ndiko wengi wanakoumia.

Kanuni ni moja: kilobiti kwa sekunde × 3600 ÷ 8 = kilobaiti kwa saa. Video ya 360p pamoja na sauti inakaa kwenye kilobiti 600 hivi. 600×3600÷8 = kilobaiti 270,000, yaani MB 270 kwa saa. GB 1 inakupa karibu saa tatu na nusu. Kwa 144p ukiweka kilobiti 150 ni MB 67 kwa saa. Kwa 720p hesabu kilobiti 1,600, hiyo ni MB 720.

Hizo ni za wastani. Mpira na video za kutikisika zinakula zaidi kwa sababu kila fremu inabadilika. Michoro kwenye kiza kama ya 3Blue1Brown inakula kidogo mno, hata ukiweka 720p. Kwa hiyo usipange ubora kwa mazoea. Mhadhara wa mtu amesimama ubaoni, 360p inatosha ilmradi maandishi ya ubaoni yasomeke. Mahojiano ya watu wawili wamekaa, chukua sauti tu: kwa kilobiti 50 ni MB 22 hivi kwa saa.

Mipangilio ya programu ya YouTube kwenye simu, fanya leo:

Ingia Mipangilio, sehemu ya ubora wa video, kwenye mtandao wa simu chagua kuokoa data. Zima kuendelea kucheza yenyewe. Kisha kuna kitu wengi hawakijui: video zinazojicheza kimya unaposogeza orodha. Hizo nazo zinakula. Zizime, au uache zicheze ukiwa kwenye Wi-Fi tu. Pia ukibadilisha ubora ndani ya video, mara nyingi ni wa video hiyo moja, inayofuata inarudi kwenye mpangilio mkuu. Ndipo watu wanaposema "niliweka 144p na bando limeisha".

#3 Mwalimu wa Zamu

Mkuu Nuktambili, mimi nina swali la wanaofundisha. Darasa la wanafunzi 40, intaneti ya kubahatisha, simu moja yenye bando. Unazichukuaje video hizi zikae kwenye kompyuta?

#4 Nuktambili

Mwalimu, kuna programu inaitwa yt-dlp. Inaendeshwa kwa kuandika amri, haina madirisha ya kubonyeza, na ni bure. Kwenye Android pakua Termux, programu ya kuandikia amri, kutoka F-Droid, duka la programu huria (Termux ya Play Store ilikaa muda mrefu bila kusasishwa, iache). Kisha:

`pkg update`
`pkg install python ffmpeg nodejs`
`pip install -U "yt-dlp[default]"`
`termux-setup-storage`

Amri ya mwisho inaomba ruhusa ya kuandika kwenye kumbukumbu ya simu. Ukiikataa, au usipoandika kwanza `cd ~/storage/downloads` kabla ya kupakua, faili zitabaki ndani ya Termux na hutaziona kwenye galari.

Kuona ubora uliopo (KIUNGO ni anwani ya video): `yt-dlp -F KIUNGO`

Kuchukua 360p inayocheza popote:
`yt-dlp --js-runtimes node -f "bv*[height<=360][vcodec^=avc1]+ba[ext=m4a]/18" KIUNGO`

Sauti tu: weka `-f 249`.

Matatizo yanayojitokeza na sababu zake:

Umepata faili mbili, moja picha bila sauti, nyingine sauti bila picha. YouTube wanahifadhi picha na sauti mbalimbali, na kazi ya kuziunga ni ya ffmpeg. Haipo au haionekani. Isakinishe, rudia amri.

"HTTP Error 403". Mara nyingi YouTube wamebadilisha kitu na toleo lako limezeeka. Rudia `pip install -U`. Usianze kuhangaika na VPN kabla ya hapo. Toka mwishoni mwa 2025 programu inahitaji pia injini ya JavaScript pembeni, ndiyo maana nimeweka nodejs kwenye orodha.

Mtandao umekatika katikati: rudia amri ileile, inaendelea ilipoishia. Usifute faili yenye mwisho `.part`.

Unachukua orodha nzima ya masomo: ongeza `--download-archive kumbukumbu.txt`, itakumbuka kilichokwisha kuchukuliwa ili usilipie video moja mara mbili.

Na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kabla ya kuchoma MB 300, chukua maandishi peke yake:

`yt-dlp --skip-download --write-subs --write-auto-subs --sub-langs en --convert-subs srt KIUNGO`

Mhadhara wa saa nzima unakuja kama faili la maandishi la kilobaiti mia na kitu. Unalisoma haraka haraka, unajua kama video inastahili. Maandishi ya mashine hurudia mistari mara mbili, usishangae, ndivyo yanavyotengenezwa.

#5 Bi Mwanaidi

Kaka Nuktambili, ahsante kwa darasa, ila hapo pana shimo umeliruka. Masharti ya YouTube hayaruhusu kupakua nje ya programu yao bila ruhusa. Mwalimu atawaonyesha wanafunzi, kesho mtu anamuuliza. Mbona mnaenda mbali wakati kuna vyanzo vinavyokupa faili kwa ridhaa yao?

MIT OpenCourseWare: masomo yao yako chini ya leseni ya Creative Commons. Unaruhusiwa kunakili, kugawa na kutafsiri, mradi usiuze, utaje chanzo, na utakachotengeneza nacho ukitoe kwa leseni hiyohiyo. Mihadhara mingi iko pia Internet Archive, maktaba ya bure mtandaoni, unabonyeza na kushusha mp4 bila programu yoyote. Anza na aljebra ya mstari ya Gilbert Strang, somo namba 18.06. Ilirekodiwa 1999, ubao na chaki, picha haina mbwembwe, kwa hiyo faili ni jepesi. Strang amestaafu 2023 na bado hajapatikana wa kumshinda katika kueleza.

Kwa YouTube yenyewe, ukitafuta nenda kwenye vichujio, chagua Creative Commons. Kinachobaki ndicho ambacho mwenyewe ametoa ruhusa. Hapo ndipo yt-dlp inakaa vizuri.

Kwa shule, Mwalimu, unachohitaji ni Kolibri.

#6 Mwalimu wa Zamu

Dada Mwanaidi, Kolibri nimeisikia tu. Ifafanue, tafadhali.

#7 Bi Mwanaidi

Kolibri ni programu ya bure ya kuweka maktaba ya masomo kwenye kompyuta moja, wengine wakaisoma kwa Wi-Fi bila intaneti. Ina kiolesura cha Kiswahili. Vifaa: laptop yoyote ya zamani inayowaka, au Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya kiganjani) na kadi ya GB 64 kwenda juu. Ukiwa na laptop huna haja ya Pi.

Siku moja ukiwa na intaneti nzuri unaingia kama msimamizi, unafungua orodha ya chaneli, unachagua mada. Usibonyeze "yote". Maktaba ya Khan Academy ya Kiingereza ni makumi ya GB. Chagua kwa mfano hesabu za darasa husika pekee, programu inakuonyesha ukubwa kabla hujakubali. Khan Academy ya Kiswahili nayo ipo, ni ndogo zaidi.

Baada ya hapo washa hotspot au ruta (haihitaji laini yenye bando), unganisha seva (kompyuta yenye Kolibri) na simu za wanafunzi, wao wafungue kivinjari na kuandika anwani ya seva ikifuatiwa na 8080, mfano `http://192.168.1.10:8080`.

Inapogoma, angalia kwa mpangilio huu. Kwanza, ruta nyingi zina kipengele kinachozuia vifaa visionane. Tafuta neno "isolation" kwenye mipangilio, kizime. Pili, Windows ukiiambia mtandao ni wa umma, ukuta wake wa usalama unafunga mlango. Badilisha uwe wa binafsi. Tatu, anwani ya seva imebadilika baada ya ruta kuzimwa. Ifunge isibadilike kwenye ruta. Nne, kwa wa Raspberry Pi: chaja. Inataka volti 5 na ampea 3. Chaja ya simu ya kawaida inaiangusha umeme, alama ya radi inatokea kwenye kioo, na siku si nyingi kadi inaharibika faili. Watu wanalaumu kadi.

Wanafunzi 40 kutazama video tofauti kwa wakati mmoja kwa ruta ya nyumbani, hapana. Wagawe watatu watatu kwa simu moja, au onyesha moja kwa projekta.

Kwa wadogo wa msingi, Ubongo Kids ya Tanzania ndiyo ya kwanza kwangu. Kiswahili chao ni chetu, hesabu zao zinaimbika.

#8 Fundi wa Nyaya

Wakuu, upande wa ufundi mmepita juu juu. Naleta mbili.

Ben Eater: anajenga kompyuta ya biti 8 kwenye ubao wa majaribio, chipu moja moja za familia ya 74LS. Saa, rejista, kikokotoo, kumbukumbu ya baiti 16, mpaka udhibiti. Hakuna video ninayoijua inayomfanya mtu aelewe kompyuta ni nini kama hii. Ila wanaoiga wanakwama, na wanakwama palepale:

LED (taa ndogo za kuonyesha) bila rezista. Yeye kwenye video anaziweka wazi wazi na zinafanya kazi, wewe zinakugomea. Sababu: LED nyekundu inavuta pini ya chipu ishuke mpaka karibu volti 2, na hiyo 2 ndiyo mpaka wa chini kabisa wa chipu inayofuata kusoma "1". Kidogo tu ikitetereka inasoma takataka. Weka rezista ya 470 hadi 1k kila LED.

Pini za kuingiza zilizoachwa hewani. Zinajifanya "1" leo, kesho zinadaka kelele. Zote zifunge, ama kwenye 5V ama kwenye ardhi.

Umeme. 74LS inataka 4.75 hadi 5.25. Waya mwembamba wa USB unapoteza njiani; pima kwenye ubao wa mwisho kabisa, usipime kwenye chaja. Na kila chipu iwe na kapasita ya 0.1 µF kati ya umeme na ardhi, karibu na miguu yake.

Kumbukumbu 74LS189: haipatikani kirahisi, na kibaya zaidi kila inachokitoa kinatoka kinyume, ndiyo maana kwenye video kuna 74LS04 za kugeuza. Ukibadilisha chipu nyingine, ondoa hizo, la sivyo kila sifuri itakuwa moja.

Asiye na hela ya vifaa ajenge yote kwenye Logisim, programu ya bure ya kuigiza saketi kwenye kompyuta. Mantiki inaiva kabisa; utakachokosa ni hayo matatizo ya volti.

Ya pili: William Kamkwamba wa Malawi, TEDGlobal Arusha 2007. Ni fupi, ni mahojiano tu ya jukwaani. Alijenga kinu cha upepo kijijini kwao akiwa kijana wa miaka kumi na minne, baada ya kuona picha kwenye kitabu cha maktaba: feni ya trekta, fremu ya baiskeli, mabomba ya PVC, dinamo. Kilikuwa na urefu wa mita 5, kikatoa wati 12.

Anayetaka kuiga ajue haya. Nguvu ya upepo inakwenda kwa mchemraba wa kasi: upepo ukipungua nusu, nguvu inabaki moja ya nane. Kwa hiyo kuongeza mita mbili za mnara mara nyingi kunalipa kuliko kubadilisha mapanga. Dinamo ya kawaida ya baiskeli ni volti 6, wati 3, na inatoa AC (umeme unaogeuka mwelekeo). Kuchaji betri lazima upitishe kwenye diodi nne. Ukitumia 1N4007 unapoteza karibu volti 1.4 hapo hapo, kwenye volti 6 hiyo ni nyingi. Tumia za Schottky kama 1N5819. Na diodi hizohizo zinazuia betri isirudishe umeme kwenye dinamo upepo ukikatika. Wati 3 kwa saa 8 ni 24 Wh. Betri ya simu ya 5000 mAh ni kama 19 Wh. Toa upotevu, unachaji simu moja. Usimwahidi mtu friji.

#9 Kamba ya Mnazi

Niingie kwa habari, maana hapo juu Kibatari ametaja vivuli na akapita. Hicho ni kitu mtu anaweza kufanya mwenyewe na video ya WhatsApp.

Kimo ÷ kivuli = tanjenti ya pembe ya jua. Mtu wa mita 1.7 mwenye kivuli cha mita 1.7, jua liko digrii 45. Sasa kwa Dar es Salaam: adhuhuri ya kweli ya jua inaangukia kati ya saa sita na dakika 7 na saa sita na dakika 37, kutegemea mwezi. Tangu mwanzoni mwa Machi hadi karibu 10 Oktoba jua la adhuhuri liko kaskazini, kivuli kinaelekea kusini. Oktoba katikati hadi mwisho wa Februari ni kinyume. Tarehe 21 Juni mtu wa mita 1.7 anatoa kivuli cha karibu mita 1 kuelekea kusini. Tarehe 21 Desemba anatoa nusu mita kuelekea kaskazini. Ukiletewa video "ya Krismasi, saa sita mchana, Kariakoo" na vivuli vinalalia kusini, hiyo si Krismasi. Tovuti ya SunCalc inakuchorea haya bila kukokotoa. Lakini lazima kwanza ujue kaskazini ya video iko wapi, na hapo unahitaji jengo au barabara unayoitambua kwenye ramani. Vivuli bila mahali havikusaidii kitu.

Hatua za kabla ya hapo ni rahisi zaidi na zinaua uzushi mwingi:

Kata fremu tatu nne zenye alama (bango, namba ya gari, mnara), zitafute kwa Google Lens na pia Yandex (injini ya utafutaji ya Urusi). Kila moja ina macho yake. Usipopata kwa moja usiseme haipo. Kwenye kompyuta kuna kiongezi cha InVID kinachokata fremu chenyewe. Geuza picha kushoto-kulia utafute tena, kwa sababu wezi wa video huzigeuza kama kioo ili zisitambuliwe.

Ukipata video ile ile ya tarehe ya nyuma kuliko tukio linalodaiwa, kazi imekwisha. Kumbuka tarehe ya upakiaji inayotolewa na zana nyingi ni ya saa za UTC. Sisi tuko mbele saa tatu, kwa hiyo tukio la saa nane usiku linaweza kuonekana la "jana".

Za kutengenezwa na AI: toka Veo 3, mashine ya Google ya kutengeneza video, ilipotoka 2025 watu wanaunga vipande vya sekunde 8 8. Hesabu muda kati ya kila mkato. Kila kipande kikiishia kwenye nane au chini, na hakuna hata kimoja kinachozidi, anza kushuku. Kisha soma maandishi ya nyuma: vibao vya maduka, sare, namba za magari. Kuhesabu vidole siku hizi hakutoshi, wamejirekebisha.

Na nembo ya BBC au DW pembeni ya video si ushahidi. Nenda kwenye chaneli yao yenyewe, DW Kiswahili au BBC Swahili, itafute. Isipokuwepo, haijatoka kwao.

#10 Kinyonga

Kamba umeua. Ila ya sekunde 8 itumike kwa uangalifu, wahariri wa TikTok wote wanakata fupi fupi.

#11 Kamba ya Mnazi

Sahihi mkuu. Ni dalili tu. Ushahidi ni kupata video ya asili.

#12 Kibatari

Nilisema nitarudi kwa Mazrui.

*The Africans* si historia ya kukaririsha tarehe. Mazrui anabishana: Afrika ina urithi wa aina tatu, wa asili, wa Kiislamu na wa Magharibi, na kila sehemu anaugonganisha. Ilizalishwa na BBC pamoja na WETA, kituo cha televisheni ya umma ya Marekani, na ilizua moto huko: Lynne Cheney, mkuu wa mfuko wa taifa uliochangia fedha, alitaka jina la mfuko liondolewe kwenye orodha ya wafadhili. Tazama ukijua ni hoja ya mtu mmoja, tena mtu anayependa kuchokoza.

Jambo la kiufundi: nakala nyingi zilizoko YouTube zilitolewa kwenye kanda za VHS. Kuitazama kwa 720p ni kutupa bando, picha ya asili haina undani huo. Weka 240p, pandisha sauti. Spika ya simu haitoshi, vaa visikilizio, maana sauti ya kanda iko chini na Profesa anaongea kwa mbwembwe zinazostahili kusikika.

Baada yake nenda *History of Africa* ya Zeinab Badawi, vipindi 20, ilianza BBC 2017. Yeye anasafiri na kuwahoji wanahistoria wa Afrika wenyewe, ameegemea *General History of Africa* ya UNESCO. Hiyo UNESCO wanaitoa bure kwa PDF. Juzuu ya 8, inayoanzia 1935, mhariri wake ni huyohuyo Mazrui. Kwa wa pwani, kuna kipindi kinachopita Kilwa, kianzie hicho. Udhaifu wake: anapita haraka, ufalme mmoja dakika chache, unabaki na njaa.

Hotuba ya Nobel ya Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar, Desemba 2021, iko kwenye chaneli ya Tuzo ya Nobel. Anasoma taratibu, Kiingereza chepesi, na maandishi kamili yako kwenye tovuti yao. Hii ni ya kusikiliza, chukua sauti tu.

Muziki: mradi wa Singing Wells. Tangu 2011 wanazunguka Kenya, Uganda na jirani zake kurekodi ngoma za asili palepale kijijini. Hapa usibane ubora, video hizi kazi yake ni kukuonyesha mkono unavyopiga.

#13 Bi Mwanaidi

Niongeze hotuba za Mwalimu Nyerere, maana zimejaa na nyingi zimechinjwa. Ya Mei Mosi 1995, Mbeya, ina vipande visivyohesabika vya dakika mbili tatu vilivyowekewa muziki. Namna ya kupata nakala nzuri: chuja matokeo ubakize video ndefu tu, kisha chukua ndefu kabisa. Sikiliza kelele za uwanjani. Kwenye rekodi nzima, makofi na vicheko vinapanda na kushuka polepole. Palipokatwa, kelele inaruka ghafla au makofi yanakatwa katikati. Muziki wa chini mara nyingi umewekwa kuficha mikato hiyo. Yenye muziki usiinukuu popote.

#14 Mwalimu wa Zamu

Wakuu nawashukuru. Swali la mwisho: nimeweka video kwenye flashi, runinga ya shule moja haichezi kabisa, nyingine inatoa picha bila sauti. Kwenye laptop zote ziko sawa.

#15 Nuktambili

Mwalimu, hizo ni shida mbili tofauti.

Picha bila sauti: sauti ya faili imebanwa kwa mfumo wa Opus, runinga nyingi za zamani haziijui. Isiyocheza kabisa: picha imebanwa kwa mfumo wa VP9 au AV1. Hata simu za zamani AV1 inazichemsha na kukwamakwama, kwa kuwa kichakata kinafanya kazi ambayo kifaa maalumu kingeifanya. Laptop inacheza kwa sababu VLC inajua kila kitu. Amri niliyoandika #4 inachagua avc1 na m4a, ambazo runinga karibu zote zinazikubali. Faili ulizokwisha kuwa nazo geuza hivi:

`ffmpeg -i kale.webm -c:v libx264 -crf 26 -preset veryfast -c:a aac -b:a 96k mpya.mp4`

Kama picha ni H.264 (ndiyo hiyo avc1) tayari na tatizo ni sauti peke yake, weka `-c:v copy` badala ya hizo za picha, itamaliza kwa sekunde chache.

Flashi yenyewe iumbize FAT32 kama runinga ni ya zamani, lakini haipokei faili moja linalozidi GB 4. Majina ya faili yawe mafupi, bila alama za ajabu. Maandishi ya chini yabebe jina lilelile la video, `somo1.mp4` na `somo1.srt`, yamehifadhiwa kwa UTF-8. Yakichelewa au kuwahi, kwenye VLC ya kompyuta bonyeza g au h, kila kubonyeza ni milisekunde 50. Runinga nyingi hazina hiyo, kwa hiyo sahihisha kwenye kompyuta kabla hujabeba flashi darasani.